Mbona sauti huchelewa kwenye simu nyingi za Android

KIJANA anayegusa kinanda kilichochorwa kwenye kioo cha simu hutarajia kusikia sauti papo hapo. Katika simu nyingi za bei nafuu, sauti hiyo hufika ikiwa imechelewa kidogo, naye akijaribu kucheza pamoja na wenzake mdundo humponyoka. Wengi hudhani kwamba simu imezeeka au prosesa yake ni dhaifu. Sivyo.

Kiini cha tatizo ni foleni. Sauti ndani ya simu ni tarakimu tupu, aghalabu sampuli 48,000 kwa kila sekunde. Sampuli hizo hazitumwi moja moja. Hukusanywa katika mafungu na kuwekwa kwenye hifadhi ya muda iitwayo bafa. Fungu la sampuli 480 hubeba milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Kabla ya kufika kwenye spika, sauti hupitia bafa ya programu husika, kisha ya kichanganyaji kinachounganisha sauti za programu zote, kisha ya chipu ya sauti. Kila kituo huongeza muda wake.

Bafa ikiwa ndogo mno, nayo prosesa ikashughulikia jambo jingine hata kwa kitambo kifupi, sampuli huisha na sauti hukatika au hukwaruza. Ndiposa watengenezaji wengi huchagua bafa kubwa, ambayo vilevile huokoa betri. Kwa msikilizaji wa nyimbo zilizorekodiwa, uamuzi huo hauna madhara. Hata katika mazungumzo ya simu, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) huchukulia kwamba kuchelewa kwa hadi milisekunde 150 upande mmoja kunavumilika.

Mwanamuziki hana subira hiyo. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hivyo, kuchelewa kwa milisekunde 100 ni sawa na mpiga ngoma kuisikia ngoma yake kana kwamba iko umbali wa mita 34.

Apple ilipozindua iPhone mnamo 2007, iliitumia Core Audio, mfumo wa sauti uliokuwa tayari kwenye kompyuta zake za Mac. Aidha, ilisimamia simu na programu zake kwa pamoja. Android, iliyoingia sokoni 2008, ilikabidhiwa kampuni chungu nzima, kila moja ikiwa na chipu zake na programu zake za kuziendesha. Waundaji wa programu walianza kuilalamikia Google mapema, na kwa miaka mingi baadhi ya programu za muziki ziliandikiwa iPhone pekee. Kinaya ni kwamba asiyemudu gharama ya studio, na ambaye simu ingemfaa zaidi, ndiye mwenye Android.

Google haikukaa kitako. Android 4.1 ya mwaka 2012 ilifungua njia fupi ya sauti, Android 8.0 ya 2017 ikaleta AAudio, na 2018 ikafuata maktaba ya Oboe inayowarahisishia waandishi wa programu kazi hiyo. Kuna pia kigezo cha simu zinazofaa kazi ya muziki: sauti iingie na kutoka katika muda usiozidi kiwango kifupi kilichowekwa.

Hata hivyo, kigezo hicho ni cha hiari. Mtengenezaji anaweza kuuza simu isiyokitimiza, na ni nadra tangazo la simu kutaja milisekunde ilhali kamera na betri husifiwa kila uchao. Masahihisho ya Google pekee hayatoshi iwapo programu inayoendesha chipu imeandikwa ovyo.

Kwa sasa, anayetaka kucheza au kurekodi kwa simu anashauriwa kutumia visikizi vya waya. Vile vya Bluetooth hulazimu sauti ifungashwe, irushwe na ifunguliwe tena, na mara nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100. Anayetazama filamu hahisi hivyo, kwa kuwa programu nyingi za video huichelewesha picha ilingane na sauti. Kinanda hakiwezi kufanyiwa hila hiyo, kwani kidole huwa kimeshagusa.