Jumuia ya Wakutubi katika Mtandao: Mfano wa Mwingi na Suala la Lugha

1. Utangulizi

Neno mkutubi latokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia kitabu, katibu na maktaba. Mkutubi hutunza vitabu, huviorodhesha na kuviainisha, kisha humwongoza msomaji hadi kwenye kile anachokihitaji. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wakutubi waliotengwa na masafa wanavyoweza kujenga jumuia ya kitaaluma kwa njia ya intaneti, na kuonyesha kwamba uhai wa jumuia hiyo hutegemea lugha zaidi kuliko mitambo. Mfano wetu ni Mwingi, mji ulio kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, katika barabara itokayo Thika kwenda Garissa, ambako Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ina tawi.

2. Jumuia za Awali

Haja ya wakutubi kushauriana si jambo geni. Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1956, na mwaka 1963 Makerere ikaanzisha shule ya kuwafunza wakutubi wa eneo lote hili. Sheria iliyounda bodi ya maktaba za taifa nchini Kenya ilipitishwa mwaka 1965. Baadaye kila nchi ilishika njia yake, na Chama cha Maktaba cha Kenya kikazaliwa mwaka 1973.

Vyama hivyo vilitegemea mikutano na majarida. Lakini mkutano huhitaji nauli, malazi na ruhusa ya kazi. Katika tawi lenye wafanyakazi wachache, akiondoka mmoja pengo huonekana siku hiyohiyo, na aghalabu aendaye ni mkuu wa tawi. Yule anayekaa mezani akiwapokea wasomaji, ambaye ndiye hukutana na matatizo ya kila siku, husalia bila wa kumwuliza. Hapo ndipo mtandao unapofaa.

3. Swali Moja Lahitaji Watu Wengi

Tutazame tatizo halisi la kazi. Katika orodha za Kiingereza, mada za vitu vinavyohesabika kwa kawaida huandikwa kwa wingi, na wingi huo aghalabu hubadili mwisho wa neno tu. Katika Kiswahili, wingi mara nyingi hubadili mwanzo: jino huwa meno, uzi huwa nyuzi. Mkutubi mmoja akiandika mada chini ya J na mwenzake chini ya M, msomaji yuleyule atafaulu katika maktaba moja na kushindwa katika nyingine.

Kikamba nacho kina tatizo lake. Irabu zake hutofautishwa kwa alama, ĩ na ũ. Mwaka 1954 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha kitabu cha Kikamba kumhusu Mũtũnga. Jina hilo likiingizwa kwenye kompyuta na alama zake hapa, na bila alama kule, huenda mashine ikayachukua kuwa majina mawili.

Maswali ya namna hii hayawezi kukatwa na mtu mmoja, hata awe hodari kiasi gani. Uamuzi wowote hufaa pale tu unapofuatwa na wote. Kwa hiyo mkutubi wa Mwingi hana budi kukubaliana na wenzake wa Kitui, Makueni na kwingineko. Makubaliano ya jinsi hiyo ndiyo kazi ya jumuia ya kitaaluma.

4. Misingi ya Kuijenga

Kwanza, jumuia na ianze na tatizo la kazi. Kundi lililoundwa bila swali hujaa salamu na matangazo, kisha hunyamaza. Pili, pawe na msimamizi ambaye huhakikisha kwamba kila swali limejibiwa, au limepelekwa kwa mjuzi. Tatu, majibu yahifadhiwe kwa mpangilio. Ingekuwa ajabu wakutubi, ambao kazi yao ni kuhifadhi, wakiacha maarifa yao yapotee katika mfululizo wa ujumbe wa simu! Nne, siri ya msomaji ilindwe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Na hata pasipo sheria, kitabu alichoazima mtu si habari ya kutangazwa.

5. Nafasi ya Kiswahili

Je, jumuia hiyo izungumze lugha gani? Kiingereza ndicho lugha ya mafunzo ya ukutubi, na wengi watakielekea. Lakini kikitumika peke yake, baadhi ya wahudumu watasoma tu wala hawatauliza. Kikamba chafaa kwa mambo ya Kitui na Makueni, lakini hakimfikii mkutubi wa Garissa wala wa Dar es Salaam. Kiswahili chawafikia wote hao.

Hata hivyo, istilahi haziwi hai kwa kuorodheshwa tu. Maneno kama uorodheshaji, uainishaji na uazimaji yatakomaa pale wafanyakazi watakapoyatumia kubishania kazi yao. Endapo Kiswahili kitaachwa kiwe lugha ya kusalimiana, na maamuzi yote yafanywe kwa Kiingereza, basi tutaendelea kupanga vitabu vyetu kwa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya lugha nyingine, na msomaji wa Mwingi ataendelea kutafuta jino mahali palipoandikwa meno.