Runinga Kubwa Sebuleni: Mama, Piga Hesabu Kwanza

Desemba ikikaribia, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hufika Moshi yakiwa yamejaa watu na mizigo. Watu wanarudi nyumbani kula Krismasi, na siku hizi katika mizigo hiyo halikosekani boksi pana, jembamba, lenye picha ya runinga. Hapa Kiboriloni, kama ilivyo kule juu Old Moshi na Kibosho, boksi hilo mara nyingi ni zawadi ya watoto kwa wazazi. Nyumba nyingine huinunua kwa fedha za kikoba zilizogawanywa mwisho wa mwaka.

Ni jambo la kufurahia. Lakini, mama mpendwa, runinga ya bei kubwa ni kama ng'ombe wa maziwa wa kufugia bandani: kumnunua ni siku moja, kumlisha ni kila siku. Zanzibar walianza kuona televisheni mwaka 1973, ila huku Bara vituo vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1994. Ndiyo maana akina mama wengi wa rika letu hawakukua na chombo hiki, na tumezoea kumwachia baba au kijana wa dukani achague. Hata hivyo ni sisi tunaonunua LUKU na kushinda na watoto. Inatupasa tujue tunachokileta ndani.

Anza na chumba

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya upande wa pili. Inchi 55 ni sentimita 140, na inchi 65 ni sentimita 165. Kwa runinga za 4K, kipimo kizuri ni kukaa umbali wa mara moja na nusu ya urefu huo. Basi inchi 55 inahitaji kochi liwe mita 2 na kidogo kutoka kwenye kioo, na inchi 65 mita 2 na nusu. Chukua futi kamba upime sebule yako kabla ya kwenda mjini. Runinga kubwa katika chumba kidogo huchosha macho na shingo, hasa ikitundikwa juu sana. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya mtu aliyekaa.

Maneno ya dukani

Muuzaji atakutajia LED, QLED na OLED. Usiogope. LED ina taa nyuma ya kioo. QLED ni hiyo hiyo LED iliyoongezewa tabaka la kung'arisha rangi. OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha huwaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo cheusi huwa cheusi kabisa. Kwa sinema za usiku, taa zikiwa zimepunguzwa, OLED ndiyo bora, na bei yake ni kubwa.

Lakini angalia maisha ya nyumba yako. Kama madirisha ni mapana, jua linaingia, na runinga huwashwa tangu asubuhi kwenye kituo kimoja, LED au QLED yenye mwanga mkali itakufaa zaidi. Picha isiyosogea, kama nembo ya kituo cha habari, ikikaa muda mrefu kwenye OLED inaweza kuacha alama ya kudumu. Na ukishawishiwa na 8K, mwulize muuzaji utatazama nini, kwa maana vipindi vya namna hiyo ni vichache mno.

Vijana wa michezo ya PlayStation wana mahitaji yao. Kwa PlayStation 5, tafuta kioo kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde na chenye tundu la HDMI 2.1. Kama nyumbani hakuna mchezaji, mara 60 zinatosha. Usilipie usichotumia.

Tahadhari na runinga za mtumba. Zilizotumika Japani zilitengenezwa kwa umeme wa volti 100, na huku kwetu ni 230. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandika 100-240 ni salama. Tena, nchi yetu ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, hivyo hakikisha kuna DVB-T2, la sivyo utahitaji king'amuzi hata kwa matangazo ya wazi.

Chakula cha runinga

Sasa tuje kwenye kulisha. Runinga ya inchi 55 inayotumia wati 120, ikiwaka saa 5 kwa siku, hula uniti 18 kwa mwezi. Ya inchi 32 yenye wati 50 hula uniti 7 na nusu. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo ya TANESCO, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti hizo zinaweza kukuvusha mpaka na kukupandishia bei. Wati zimeandikwa nyuma ya runinga; uliza.

Chakula cha pili ni bando. Sinema ya 4K kupitia intaneti hula hadi GB 7 kwa saa moja. Ile ya HD hadi GB 3. Sinema moja ya saa 2 inaweza kumaliza bando la wiki. Wanaotaka runinga iongoze taa za nyumba na kamera ya getini wakumbuke kwamba vyote hivyo hutegemea intaneti na umeme, na lazima vielewane: Samsung hutumia SmartThings, LG hutumia ThinQ, na aina nyingi za Sony na TCL hutumia Google TV. Nunua kwanza runinga, kisha vifaa vinavyoendana nayo. Kama hamna haja ya kuiamuru kwa sauti, zimeni kipaza sauti chake.

Weka pia akiba ya stabilaiza. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua runinga ya milioni kwa sekunde moja. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa.

Usalama wa watoto

Hapa nasema kama muuguzi. Runinga iliyowekwa juu ya kabati bila kufungwa inaweza kumwangukia mtoto anayejifunza kusimama, na jeraha lake huwa la kichwa. Ifungeni ukutani kwa breketi. Kama nyumba ni ya mbao, fundi aifunge kwenye nguzo, si kwenye ubao.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto walio chini ya miaka 2 wasiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku. Wakubwa wawekewe namba ya siri ili vipindi visivyofaa visifunguke, na runinga izimwe saa moja kabla ya kulala. Tena isikae chumbani mwa watoto.

Kaeni na baba

Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu anamsema mtu aliyetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Kaa na mumeo, andikeni bei, stabilaiza, breketi, umeme wa mwezi na bando. Kisha wekeni kando ada na sare za Januari. Kinachobaki ndicho kiwaambie inchi ngapi. Na mwanao wa mjini akipiga simu kuuliza, "Mama, nikuletee ya inchi ngapi?" usimjibu, "Yoyote, mwanangu." Mpe kipimo cha sebule yako.

Runinga inayolingana na nyumba yenu itawakusanya bila kuwafilisi. Ikifika saa ya sala ya jioni, chukua rimoti uizime.