Madokezo Fiche katika Tamthilia za Majagina: Ufundi au Mzigo?

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii huigawa hadhira mafungu mawili: wanaoling'amua fumbo na wanaoachwa gizani. Mgawanyiko uo huo hujitokeza katika tamthilia za runinga za Marekani zinazosawiri majagina wenye nguvu zisizo za kawaida. Tamthilia hizi huficha jina, chombo au sura inayorejelea kazi iliyotangulia. Mashabiki huyaita madokezo hayo "mayai ya Pasaka", kwa mfano wa mayai ambayo watoto hufichiwa ili wayatafute. Jina hilo lilianzia kwenye mchezo wa kompyuta wa Adventure wa mwaka 1980, ambamo Warren Robinett alilificha jina lake kwa kuwa kampuni ya Atari haikuwatangaza waundaji wa michezo yake. Swali ni iwapo tamthilia za majagina zinayategemea mno madokezo ya aina hii.

Kinadharia, dokezo si kosa. Julia Kristeva, aliyeasisi dhana ya mwingilianomatini katika miaka ya 1960, anashikilia kwamba kila matini hufumwa kutokana na matini nyingine. Kosa huzuka pale ambapo tukio halina maana yoyote bila matini inayorejelewa. Kipimo chake, basi, ni chepesi: mtazamaji asipolitambua dokezo, je, tukio husimama lenyewe?

WandaVision, tamthilia ya vipindi 9 iliyoonyeshwa na Disney+ kati ya Januari na Machi 2021, ni mfano mwafaka. Mhusika mkuu, Wanda Maximoff, anafiwa na mpenzi wake Vision. Kwa majonzi, anaugeuza mji wa Westview kuwa ulimwengu wa vichekesho vya runinga vya zamani ili aishi naye tena. Katika kipindi cha kwanza, ambacho kwa sehemu kubwa hakina rangi, pana tangazo la tosta ya kampuni ya Stark ambayo taa yake nyekundu inamweka. Aliyetazama filamu ya Avengers: Age of Ultron (2015) hukumbuka bomu la Stark lililoanguka nyumbani kwa Wanda utotoni. Asiyeitazama huhisi wasiwasi tu. Hata hivyo, kipindi cha 8 kinamwonyesha bomu lenyewe, na fumbo likafumbuliwa ndani ya kazi iyo hiyo.

Kadhalika, jina la jirani Agnes linatokana na "Ag" ya Agatha na "nes" ya Harkness, mchawi aliyekuwamo katika vitabu vya katuni tangu 1970. Asiyemjua mchawi huyo bado hucheka na jirani mdaku, na bado hushtuka anapofichuliwa katika kipindi cha 7.

Hali ni tofauti mwishoni mwa kipindi cha 5. Pietro, nduguye Wanda aliyekufa, anabisha hodi akiwa na sura nyingine. Mwigizaji ni Evan Peters, ambaye tangu 2014 alikuwa ameigiza mhusika uyo huyo katika filamu za X-Men za kampuni nyingine. Mashabiki walitarajia kwamba malimwengu mawili yamekutana. Kumbe mgeni huyo ni mkazi wa kawaida wa Westview aitwaye Ralph Bohner. Watetezi wanaweza kudai kuwa kumpokea ndugu bandia ni dalili ya majonzi ya Wanda. Hoja hiyo ina uzito, ila mwigizaji yeyote angetosha kuyadhihirisha majonzi hayo. Uteuzi wa Peters uliwalenga wajuzi peke yao, na hata wao haukuwatimizia ahadi. Isitoshe, uliwaondoa kwenye msiba ambao ndio kiini cha hadithi, ukawatia katika ubashiri.

Madhara yake huvuka mipaka ya kazi moja. Filamu ya The Marvels (2023) iliwakutanisha wahusika wakuu watatu, wawili kati yao wakiwa wamepata nguvu zao katika WandaVision na Ms. Marvel (2022). Mapato yake ya takriban dola milioni 206 yalikuwa ya chini kuliko ya filamu yoyote iliyoitangulia katika mfululizo huo. Sababu zilikuwa nyingi, ukiwemo mgomo wa waigizaji uliotatiza utangazaji wake. Lakini Januari 2024 studio iyo hiyo ilitoa tamthilia ya Echo chini ya nembo mpya ya Marvel Spotlight, ikiwahakikishia watazamaji kwamba hawakuhitaji kutazama kazi nyingine kwanza. Ahadi hiyo ilitolewa ingawa shujaa wake alikuwa ametokea katika Hawkeye (2021). Aliyeufunga mzigo ndiye aliyekiri uzito wake.

Ni bayana basi kwamba tatizo si wingi wa madokezo bali kazi yanayotwikwa. Dokezo linalomzidishia mjuzi utamu bila kumnyima mgeni hadithi ni ufundi. Linalochukua nafasi ya hadithi humdai mtazamaji maarifa ambayo kazi yenyewe haikumpa, na asiyeelewa hapo hastahili kuitwa mjinga.