Madagaska Haiikingi Kilwa na Vimbunga

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotangaza kimbunga kwenye Bahari ya Hindi, swali huwa ni lile lile, kuanzia Somanga hadi Lindi mjini: kwani Madagaska si inatukinga? Wavuvi huuliza, wafanyabiashara huuliza, hata walimu wa jiografia.

Jibu lipo kwenye ramani iliyobandikwa ukutani mwa darasa. Ncha ya kaskazini ya Madagaska ipo karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, na kisiwa chote kinateremka kusini kutoka hapo. Kilwa Masoko ipo digrii 9, Lindi 10. Chombo kinachotoka Kilwa na kushika mashariki moja kwa moja kitaiacha Madagaska mbali upande wa kulia; mbele yake kuna visiwa vidogo vya Aldabra na maji matupu. Katika bahari hiyo iliyo wazi ndimo vimbunga hupita. Kenneth, Aprili 2019, kilipita kaskazini mwa Madagaska, kikaipiga Ngazija, kikatua Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Jobo, Aprili 2021, kilikuja kwa njia ya Aldabra kikafifia kabla ya kufika pwani. Hidaya kilifika Mei 2024. Wala si mambo mapya: Lindi yenyewe ilipigwa Aprili 1952, na Unguja Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka na meli za Sultani Barghash zikaangamia. Hata huko kusini ambako kisiwa hicho kipo mbele kweli, Beira ilibomolewa Machi 2019 na Idai, kimbunga kilichojipatia nguvu ndani ya mlango wa bahari wa Msumbiji, nyuma ya hiyo inayoitwa kinga.

Vimbunga ni nadra Kilwa kwa sababu nyingine. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 hivi au zaidi, na huhitaji msokoto unaotokana na dunia kujizungusha. Msokoto huo hupungua kadiri ikweta inavyokaribia. Ndani ya digrii 5 ni mdogo mno. Tena vimbunga vingi vya eneo hili hupinda kuelekea kusini. Kilwa ipo pembezoni mwa njia yao, basi. Aliye pembezoni hupigwa mara chache, lakini hupigwa.

Imani hii ya kinga ya Madagaska ina mdogo wake: kwamba Hidaya "hakikufika", kwa kuwa kilipoteza nguvu kilipoingia Mafia. Usiku wa kuamkia Mei 4, kitovu kikiwa bado baharini, kituo cha Kilwa kilipima takriban milimita 200 za mvua kwa saa chache. Mei nzima, kwa wastani, hapo hunyesha chini ya milimita 100. Barabara ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika Somanga, na mikoa ya kusini ikabaki bila njia hiyo kwa siku kadhaa. Kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Pwani iliyo kusini mwa kitovu hupulizwa na upepo utokao baharini, uliojaa maji. Kitovu kikielekea Mafia, mvua ni ya Kilwa. Kuuliza kimbunga "kitatua wapi" bila kuuliza mvua yake itashukia wapi ni kuuliza nusu ya swali.

Kimbunga kikitangazwa, abiria wa ndege ndogo za Kilwa Masoko na Songo Songo nao hulalamika: jua linawaka, mbona ndege haiji? Rubani haamui kwa jua la sasa hivi. Hutazama utabiri wa saa ya kutua: upepo unaokata njia ya kurukia, umbali wa kuona, kimo cha mawingu, na mawingu ya radi njiani. Hubeba mafuta ya kumfikisha kiwanja mbadala endapo kiwanja aendako kitafungika. Utabiri huo usiporuhusu, au mafuta hayo yasipotosha, safari haipo, na ni haki isiwepo.

Kwa wasiosafiri kwa ndege: katika maonyo ya TMA, Angalizo ni rangi ya njano, Tahadhari ya chungwa, Tahadhari Kubwa nyekundu. TMA ikitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mashua ibaki bandarini, hata bahari ikionekana shwari. Mawimbi mapana yanayokuja taratibu huitangulia dhoruba, mbingu ikiwa bado safi. Wakazi wa kando ya Mto Matandu wahame mapema, mchana. Taarifa isomwe ya leo, si iliyosambazwa juzi kwenye simu, kwa sababu kimbunga hubadili njia na utabiri hurekebishwa. Msimu wa vimbunga huhesabiwa kuishia Aprili. Hidaya kilikuja Mei, kwa hiyo redio isizimwe Aprili ikiisha.