Kwa Nini wa Safu za Nyuma Hawasikii

Hapa kwetu Kiembeni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, Ijumaa ina khutba zake na Jumapili ina magitaa yake. Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, na kazi hii haichagui mlango: nimepima kumbi za makanisa kama nilivyopima misikiti yetu. Wako wanaoniuliza Mwislamu amefuata nini kanisani. Huwajibu kwamba nimeitwa kufunga spika, si kuhubiri. Tena mengi niliyojifunza huko ndiyo ninayoyaleta msikitini.

Malalamiko ni mamoja kote. Sauti ni kubwa hata masikio yanauma, lakini aliyekaa nyuma hajui kimesemwa nini. Kamati huchangisha pesa, hununua spika kubwa zaidi, na mambo huzidi kuharibika. Ndugu msomaji, kosa mara nyingi halimo katika spika, limo katika kuta.

Chukua kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya kufundishia Kiswahili, aliliezeka katika miaka ya 1870 kwa paa la saruji na mawe ya matumbawe, limepinda kama pipa lililopasuliwa. Jiwe halimezi sauti, huirudisha. Neno la kwanza lingali linazunguka darini, la pili limeshatoka, na la tatu linayakuta yote mawili hewani. Kwa wimbo wa taratibu hiyo ni raha. Kwa hotuba ni balaa. Wazee wetu waliojenga misikiti ya kale ya Pwani kwa dari bapa, za chini, juu ya nguzo nene, hawakuwa na taabu hiyo. Sisi wa leo tunapenda kuba, marumaru na vioo, kisha twashangaa.

Aliyelifumbua fumbo hili ni Wallace Sabine, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Mwaka 1895 alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo mlio mmoja ulivuma kwa sekunde 5 na nusu. Usiku, watu wamelala, alihamisha mito ya viti kutoka jumba jingine, akaipanga humo, akapuliza filimbi ya kinanda huku ameshika saa. Kila mito ilipozidi, mvumo ulipungua. Nasi watu ni mito pia: msikiti uliojaa Ijumaa husikizana kuliko msikiti huo huo wakati wa Alasiri, ukiwa na safu mbili. Zulia husaidia, ila hunyonya sauti nyembamba na kuacha zile nene zikinguruma. Ndiyo sababu huwaomba wenye majengo waweke mbao za sufi au pamba ngumu juu ya ukuta wa nyuma. Wengi huniona napoteza pesa zao.

Kisha kuna jambo la wakati. Katika joto letu la Mombasa sauti huenda kama mita 350 kwa sekunde, lakini umeme ndani ya waya hufika papo hapo. Basi katika jengo la urefu wa mita 35, spika ya nyuma imeshasema neno, na neno lile lile kutoka mbele linafika baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sikio linapata maneno mawili badala ya moja. Mwaka 1951, katika kanisa la St Paul's, London, ambalo likiwa tupu huvuma kwa zaidi ya sekunde 10, Parkin na Taylor walisimamisha spika ndefu nyembamba kama nguzo, zinazoelekeza sauti kwa watu badala ya kwenye kuba. Zile za nyuma walizikawiza kwa chombo cha sumaku kinachozunguka, hata msikilizaji akadhani sauti yote inatoka mimbarini. Leo kazi hiyo hufanywa na kisanduku kidogo, na mara nyingi kimo tayari ndani ya mashine iliyonunuliwa, hakuna aliyekigusa.

Kanisa kubwa lina mahitaji mengi: mikrofoni za kwaya na bendi, taa za mbele ili kamera ione uso, skrini za maneno ya nyimbo. Msikiti una sauti ya mtu mmoja. Unataka spika ndogo nyingi, karibu na watu, kwa sauti ya chini. Zile honi za nje ni za adhana. Kuwamiminia majirani darasa zima usiku sikuoni kuwa ni busara, na kanuni za serikali za mwaka 2009 kuhusu kelele zimezitaja nyumba za ibada waziwazi.

Kitu cha kanisani ambacho ningependa kiigwe ni skrini, kwa ajili ya wanawake wanaoswali ghorofani au nyuma ya ukuta bila kumwona imamu. Wako wasioipenda, na hilo ni la mashekhe kuamua. Lakini waya wa spika yao hauna mjadala. Umeme ukikatika wakiwa katika sijda, huku chini mubalighi atapaza takbiri kama zamani. Wao, nyuma ya ukuta, hawajui kama imamu ameinuka. Betri ya kuendesha spika hiyo moja ni rahisi kuliko spika kubwa iliyotundikwa mbele. Kwenye ramani zangu waya huo na betri yake huvichora kwanza.