Mwezi Ngapi? Jinsi Tulivyojifunza Kupanga Wikendi ya Kuzamia

Mara ya kwanza tulipokwenda kuzamia Durban, tulichagua tarehe kwa mambo matatu: hakuna mtihani, pa kulala pamepatikana kwa bei nafuu, na binamu wa mmoja wetu amekubali kutuazima gari. Bahari hatukuiuliza. Tulisafiri usiku kutoka La Rochelle na kufika ufukweni saa nne asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Aprili. Tukakuta mawe ya Vetch's Pier yamechomoza juu ya maji kama meno. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mawimbi yalikuwa yakipasuka palepale tulipotaka kupita.

Wawili wetu waliingia hivyohivyo. Pesa zilikuwa zimeshalipwa, na kurudi Johannesburg bila kulowa lilionekana jambo la aibu. Sisi wengine tulibaki mchangani. Wimbi la kwanza waliliruka. La pili liliwatenganisha. Kwa muda ambao hatukuupima kwa saa, tulihesabu vichwa majini tukapata kimoja. Kisha cha pili kikaibuka kando ya mawe, mbali na pale tulipokuwa tukitazama. Mwenzetu alitoka na goti lililochanwa na kome, pezi moja la mguuni limekwenda na maji. Alicheka. Sisi hatukucheka.

Kwa wasiopajua, Vetch's Pier ni gati ambalo Waingereza walianza kulijenga katika miaka ya 1860 ili kulinda lango la bandari ya Durban. Kazi iliachwa njiani, bahari ikalifunika, na leo mawe yake ni makazi ya samaki. Huhitaji boti: unavaa vifaa ufukweni, unatembea hadi majini, unaogelea. Kwa wanafunzi wasio na pesa za boti, hilo ni jambo kubwa. Lakini mwenye boti huvuka mawimbi akiwa amekaa. Anayeingia kwa miguu hukutana nayo kifuani, mara mbili: wakati wa kuingia, na wakati wa kutoka, akiwa amechoka.

SWALI LA BABU

Jumapili jioni tulirudisha gari La Rochelle. Mtaa wetu una jina la mji wa bandari wa Ufaransa, lakini ukisimama Johannesburg Road, kati ya maduka ya Wareno na vibanda vya Wakongomani, bahari iko mbali zaidi ya kilomita 500. Nyumbani kwa binamu alikuwepo babu yake, aliyekuja kutoka Tanga kutibiwa macho. Ujanani alivua kwa ngalawa. Tulimwamkia, akaitikia, akaliona goti lililofungwa bandeji. Tukamsimulia.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Mwezi ulikuwa ngapi?”

“Wa nne, Babu,” tukajibu kwa pamoja.

Akatutazama kana kwamba tumemwambia habari za nchi nyingine. “Simaanishi Aprili. Mwezi. Wa juu. Mwezi ngapi?”

Hakuna aliyejua. Sisi ni watoto wa Kiswahili cha jikoni na cha simu za Jumapili. Tunajua kuomba chumvi, kuamkia, kusema “nipigie kesho”. Mwenzetu aliyezaliwa Goma, anayesema *mayi* pale ambapo wengine wanasema maji, alituambia baadaye kwamba yeye amekulia kando ya Ziwa Kivu, na ziwa halina kujaa wala kupwa. Sisi wengine hatukuwa na udhuru huo. Babu alichukua simu yetu, akaomba afunguliwe kalenda ya Kiislamu, akahesabu kwa vidole. “Kumi na sita,” akasema. “Mlikwenda siku ya bamvua, saa nne asubuhi. Mlitaka mkute nini isipokuwa mawe?”

MANENO YENYE SAA NDANI YAKE

Siku hiyo tulijifunza kwamba bamvua na maji mafu ni zaidi ya msamiati wa kukariri. Ni ratiba.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ni bamvua, na huja siku moja au mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu: takriban mwezi mosi hadi tatu, na tena kumi na tano hadi kumi na saba. Mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pembe, kila mmoja akipunguza nguvu ya mwenzake. Maji hayajai sana wala hayapwi sana, na mikondo hulegea. Hayo ndiyo maji mafu, takriban mwezi nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne.

Babu aliongeza jambo ambalo tulidhani ni la Tanga tu: siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tulilinganisha na majedwali ya kujaa na kupwa yanayotolewa na ofisi ya ramani za bahari ya Jeshi la Wanamaji la Afrika Kusini. Durban ni hivyohivyo, au karibu sana. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo baada ya wiki moja saa hugeuka: siku za maji mafu, maji hujaa karibu na saa nne asubuhi.

Tazameni maana yake kwa mzamiaji wa Durban. Saa nne asubuhi ni wakati mzuri: jua limepanda, upepo wa mchana bado haujaamka. Ukienda siku ya bamvua, saa hiyo utakuta mawe. Ukienda siku ya maji mafu, saa hiyohiyo utakuta maji yamejaa juu ya mawe, maji safi kutoka nje yameingia, na mkondo hauna haraka. Mahali ni pamoja na saa ni moja. Kilichobadilika ni mwezi.

PALE AMBAPO TANGA HAITOSHI

Hatutaki msomaji afikiri kwamba maneno ya Babu yalitatua kila kitu. Yeye mwenyewe alituonya: “Hiyo bahari yenu siijui.” Tulipochunguza, tuliona tofauti tatu.

Kwanza, ukubwa wa maji. Unguja, tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hufikia karibu mita 4. Durban haifiki mita 2. Kwa hiyo Durban mwezi una usemi, lakini upepo na mawimbi vina usemi mkubwa zaidi.

Pili, upepo. Pwani ya Tanga, kusi ni msimu. Huvuma kwa miezi. Durban, upepo wa kusini-magharibi huja na baridi kutoka Cape, huvuma siku moja au mbili, kisha hupisha upepo wa kaskazini-mashariki, na mzunguko huanza upya. Wa kusini-magharibi huinua mawimbi. Wa kaskazini-mashariki ukikaza huchafua uso wa maji na huweza kuleta konyeza ufukweni. Tunaoutaka ni ule upepo mwepesi wa asubuhi utokao nchi kavu, ambao Babu anauita umande. Huo huvuma hafifu kutoka bara na kuulaza uso wa bahari, hasa asubuhi za miezi ya baridi.

Tatu, mawimbi yenyewe. Tanga na Unguja zina miamba inayovunja mawimbi mbali na ufuko. Durban iko wazi mbele ya bahari kuu, na dhoruba iliyo mbali kusini hutuma mawimbi siku ambayo kwenu hakuna upepo hata kidogo. Utabiri hutoa namba mbili: kimo cha wimbi, na sekunde kati ya wimbi moja na lingine. Wageni husoma ya kwanza tu. Wimbi la mita moja na nusu linalokuja kila sekunde 14 lina nguvu kuliko la kimo hichohicho linalokuja kila sekunde 7. Tena mawimbi huja kwa makundi. Sasa kabla ya kuvaa chochote tunakaa mchangani dakika 20 tukihesabu. Aprili tulitazama dakika mbili, tukaona utulivu wa kati ya makundi, tukaudhania kuwa ndiyo hali ya siku.

Kuna na mvua. Mto uMngeni na mifereji ya jiji humwaga kila kitu baharini, na tangu mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 na kuharibu mitambo ya majitaka, kila mkazi wa Durban anajua kuuliza kama ufuko umefunguliwa. Sisi tumejiwekea siku tatu kamili bila mvua kubwa.

Mama zetu huuliza kuhusu papa tu. Ni kweli wapo, na bodi ya papa ya KwaZulu-Natal huweka nyavu kwenye fukwe za Durban. Lakini aliyetaka kumchukua mwenzetu hakuwa papa. Ni wimbi na tarehe mbaya.

MLIMA WA KURUDIA

Mzamiaji wa Johannesburg ana shida ambayo mvuvi wa Tanga hana: nyumbani kwake ni juu, takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Anayezamia kwa mtungi hubeba naitrojeni mwilini, na akipanda mahali penye hewa nyepesi kabla haijatoka, inaweza kufanya mapovu ndani ya damu na viungo. Ndiyo maana wazamiaji hawapandi ndege mara moja. Baada ya kuzamia zaidi ya mara moja ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 18. Barabara ya N3 hupitia Van Reenen na kupanda hadi Johannesburg, kwa hiyo tunaihesabu kama ndege. Tunazamia Jumamosi tu, tunatoka majini kabla ya saa saba mchana, na gari haliondoki mpaka Jumapili baada ya chai. Wenye miwani na bomba la kupumulia tu huwasubiri wenzao.

WIKENDI TULIYOIFUTA

Mei tulipanga upya. Mwezi tisa, Jumamosi. Mawimbi chini ya mita moja. Babu alifurahi. Kisha Alhamisi mvua kubwa ikanyesha Durban.

Tulikutana usiku ule La Rochelle, na huo ndio mkutano mgumu kuliko yote ambayo klabu yetu imefanya. Malipo ya chumba hayarudishwi. Mwenzetu wa Goma yuko mwaka wa mwisho na alihofia hatapata nafasi nyingine. Alisema, “Tukiogopa kila mvua hatutazamia kamwe,” na kusema kweli wengi wetu tulitaka ashinde. Lakini karatasi ya masharti ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wetu wenyewe, na tuliiandika siku ambayo hatukuwa na pesa iliyolipwa wala hamu iliyotuwasha. Mwenye goti aliisoma kwa sauti, hakuongeza neno. Tulifuta safari. Mwenzetu aliondoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye, mwezi ishirini na tatu, alikuwa wa kwanza kufika garini.

Saa tatu na nusu asubuhi tulikaa mchangani tukihesabu mawimbi. Umande ulikuwa ukivuma mgongoni. Mawe hayakuonekana, maji yalikuwa yameyafunika. Tuliingia wawili wawili. Chini tulimkuta mkunga akichungulia kwenye pango lake, kamba wenye antena ndefu, na pweza aliyebadilika rangi mbele ya macho yetu na kuwa jiwe. Mwenzetu wa Goma alitoka akisema jambo moja tu: “Mayi inapumua.”

Kutoka pale unaona, ng'ambo ya lango la bandari, kilima cha Bluff. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walileta Durban watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, na jamii yao ikaishi huko King's Rest, Bluff. Waliitwa Wazanzibari. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwahamishia Chatsworth, mbali na bahari. Tulikaa tukikitazama kilima kile huku tukikausha nywele. Tulikuwa tumedhani kwamba sisi ndio tuliokileta Kiswahili kwenye maji haya.

Jioni simu ya Babu iliingia. Hakuuliza tumeona nini.

“Maji yalikuwaje?”

“Mafu, Babu. Yalijaa saa nne, umande mwepesi.”

“Haya,” akasema. “Sasa mmekwenda.”

Safari ijayo ya klabu itatangazwa ubaoni kama kawaida. Karatasi ya masharti itabandikwa kando yake. Safu ya kwanza haiandikwi tarehe. Inaandikwa mwezi ngapi.