Birika la Wazee na Walinzi Wake

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Leo, msomaji, nataka tuitie mithali hiyo majini, kwani katika majumba yetu ya kale mna elimu ya maji ambayo tumeiacha ikauke pamoja na mabirika yenyewe.

Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la chooni lilijengwa kwa mawe na chokaa, na maji yakatekwa kwa kata. Ndani yake wazee walifuga visamaki. Hawakuwa pambo hao. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi wa mbu kabla hawajaota mbawa. Na sakafuni mwa birika aghalabu palizamishwa bakuli la kauri ya Kichina. Mgeni akiliona hudhani ni urembo mtupu. Kumbe birika likikaushwa ili lisafishwe, bakuli lile hubaki na maji, na visamaki wakasalimika humo hadi maji mapya yamiminwe.

Tulichokipoteza kilidhihirika mwaka 2004. Homa ya chikungunya iliingia Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka maji vyomboni kwa muda mrefu bila kuyabadilisha. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa yapata robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mbu aenezaye homa hiyo huuma mchana, na hapendi matope. Hutaga katika maji safi ya mapipa na mitungi yetu. Mayai yake hugandama ukutani mwa chombo, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji. Kwa hivyo kumwaga tu hakutoshi, sharti chombo kisuguliwe.

Atakaye kidimbwi katika bustani yake leo, naajifunze siri ya birika, nayo ni mizani. Kinyesi cha samaki ni sumu kwa samaki mwenyewe. Lakini vijidudu wasioonekana kwa macho hukigeuza kikawa mbolea, na mimea ya majini ikainywa. Mchana mimea hutoa oksijeni, samaki wakapumua. Usiku mimea nayo huivuta oksijeni hiyo hiyo, ndiyo maana kidimbwi kilichosongamana hupambazukiwa na samaki wanaotweta juu ya maji. Kila kiumbe ana zamu yake, na akizidi mmoja, wote huumia.

Chagua basi mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, kwani jua letu la pwani likipiga kutwa, maji huchemka na kugeuka kijani. Chimba kina cha dhiraa moja na nusu hivi. Ukijenga kwa saruji au chokaa, jaza maji na uyamwage mara kadhaa kabla ya kutia samaki, maana ukali wa chokaa huwaua. Maji ya mfereji yaache wazi siku mbili au zaidi, dawa yake ipungue. Ya mvua ni bora. Panda yungiyungi hata majani yafunike kama nusu ya uso wa maji. Gugumaji usilikaribishe, litakumeza. Wala usichote konokono na magugu kutoka madimbwi ya mashambani, kwani baadhi ya konokono hao hubeba kichocho. Samaki wawe wachache na wadogo, na usiwalishe kupita kiasi: aliyeshiba makombo hawindi viluwiluwi. Na penye watoto, jenga ukingo au weka wavu.

Maji yakigeuka kijani, usikimbilie kuyamwaga yote, maana utawamwaga na wale vijidudu wenye kazi. Punguza chakula, ongeza kivuli cha majani, kisha subiri.

Wapo watakaouliza: je, maji yenye samaki na ukoga yafaa kutawadhia? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, maji yaliyofika kulateni, yapata lita 200 na kitu, hayanajisiki ila najisi ikiyageuza rangi, tamu au harufu. Mabadiliko yatokanayo na udongo, ukoga au kule kukaa kwake hayayaondolei utohara, na samaki ni tohara hata akifa. Wazee wetu waliyasoma haya vyuoni, wakayajenga kwa mawe.

Si kila nyumba yenye nafasi ya kidimbwi. Lakini hakuna nyumba isiyokuwa na chombo cha maji. Asiyeweza kukiwekea visamaki, nakifunike barabara, na kila wiki akisugue. Maji yaliyotuama bila mlinzi hayakosi mwenyeji, na mwenyeji huyo ni mbu.